Mvua Tatu za Yaya Domitille

Jumatatu, 12 Agosti

Daftari hili nimelinunua kwa amri ya Camille. Camille ni agronome, mtaalamu wa kilimo, zamani alikuwa mwanafunzi wangu, na sasa ndiye anayenifundisha mimi. Jana alikuja kuona nyanya zangu, akaniuliza nilipanda lini na nilitia mbolea mara ya mwisho lini. Nikaanza kukuna kichwa.

"Prof," akasema, "weye ulitupigaka zéro kama mutu hakuandika date mu cahier."

Basi naandika date. Mimi ni Alphonse, umri miaka sitini na mitatu, mwalimu wa kemia niliyestaafu, mkazi wa commune ya Mbunya, hapa Bunia. Nyuma ya nyumba yangu imesimama nyumba nyingine ya miti na plastiki, serre kama wanavyosema, na ndani yake kuna miche mia tatu na kumi ya nyanya iliyofungwa kwenye kamba ikipanda juu. Plastiki alinitumia mwanangu Fabien. Majirani wanaiita hospitali ya nyanya, kwa sababu naingia humo nimenawa mikono.

Kazi tunaifanya wawili, mimi na dada yangu mkubwa Domitille, yaya kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu. Yeye alilima kule Djugu maisha yake yote mpaka vita vikamtoa huko, na huu ni mwaka wa tano yuko kwangu. Mboga anaziuza yeye, kando ya barabara kule Shari. Alifika mji huu na mabulungutu mawili tu, lakini sasa ana kitu ambacho mimi sina baada ya miaka thelathini na moja ya ubao na chaki: wamama wananunua kwake bila kuminya na bila kunusa. Wanasema, "Ya Mama Domitille? Weka mu sachet." Basi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimefunga kamba. Mgongo unauma. Hakuna jingine.

Jumanne, 20 Agosti

Inzi weupe. Niligusa jani moja wakaruka kama unga uliopulizwa. Chini ya majani wamejaa, na majani yameanza kunata. Yaya alikuja kutazama, akasema tu, "Wamekuja." Kwa sauti ya mtu aliyewangoja.

Alhamisi, 22 Agosti

Leo nimepiga dawa. Nimenunua chupa ya kifuniko chekundu, ile ambayo kila mtu sokoni anaisifia. Nilivaa miwani, nikafunga kitambaa puani, nikasoma karatasi yake yote mara mbili, herufi zake ndogo kama mayai ya chawa. Kipimo nimekitia sawasawa kwenye pampu ya mgongoni. Karatasi inasema: baada ya kupiga, ngoja siku saba, ndipo uvune. Vichala vya chini vimeanza kuwa vyekundu, kwa hiyo hesabu imekaa vizuri sana. Siku ya saba ni Alhamisi ijayo.

Jioni, tukila bugali na fretin, vile vidagaa vikavu, nilimweleza yaya.

"Siku saba," nikasema.

"Siye kwetu hatuhesabuke siku," akasema. "Tunahesabu mvua. Ukisha kupiga dawa, unangoja mvua tatu kubwa. Ya kwanza inaosha jani, ya pili inaosha matunda, ya tatu ni ya kuwa hakika."

"Na kama mvua haiji mwezi mzima?"

"Basi hauvune mwezi muzima."

Nilicheka mpaka fretin ikanipalia. Yeye hakucheka, ila hakukasirika pia. Aliendelea kufinyanga tonge lake.

Ijumaa, 23 Agosti

Mvua kubwa alasiri. Ilipiga plastiki kwa kelele hata hatukusikilizana. Yaya alikuwa amesimama mlangoni mwa serre. Nikamtania: "Hiyo ni ya kwanza, yaya, uandike."

"Hiyo ni ya inje," akajibu.

Jumapili, 25 Agosti

Mvua tena wakati wa misa. Inzi wamekufa wengi. Nimeridhika sana na nafsi yangu.

Jumanne, 27 Agosti

Mvua. Nyanya zinaiva kwa haraka. Kwa hesabu yoyote ile, yake ama yangu, mambo yetu safi.

Alhamisi, 29 Agosti

Siku ya saba. Niliamka mapema, nikatayarisha vikapu vinne. Yaya alikuja amekunja mikono ndani ya kitenge.

"Alphonse, hii nyanya haijapata mvua hata moja."

"Yaya, mvua zimenyesha tatu. Umezisikia mwenyewe."

"Nimezisikia. Nyanya nayo imezisikia. Lakini imelowa?" Akashika tunda moja, akanionyesha kidole chake kikavu. "Angalia. Vumbi ya dawa iko bado."

Nikamwambia hiyo ni vumbi ya kawaida. Nikamtolea karatasi. Nikamsomea kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayewasomea watoto wa darasa la kwanza, na sasa ninapoandika naona haya kidogo kwa ile sauti niliyoitumia.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Mutu mwenye aliandika hii karatasi, anajua kama uko na plastiki?"

"Siku saba ni siku saba, yaya. Ndani ama nje, jua linakuchwa vilevile."

"Sawa," akasema. "Nyumba ni yako." Na akaanza kuvuna.

Ijumaa, 30 Agosti

Zimekwisha zote kabla ya saa sita. Annie, yule mama mwenye malewa, kimgahawa kidogo karibu na hapo Shari, amechukua kikapu kizima kwa ajili ya salade ya wateja wake. Yaya amenisimulia hayo bila furaha. Mimi nimekula nyanya nne kwa chumvi, nimesimama humohumo ndani ya serre, nikijiona mkulima.

Jumatatu, 2 Septemba

Annie alikuja nyumbani leo asubuhi. Si kawaida yake kuja. Nilikuwa uani na arrosoir, kopo la kumwagilia, mkononi, yaya anachambua lengalenga. Annie hakukaa kwenye kiti alichopewa. Ni mama mpole, mnene, mwenye sauti ndogo, na aliongea kwa heshima yote, na hiyo heshima ndiyo iliyoniumiza.

"Mama Domitille, sikuje kugombana. Ile nyanya ya vendredi ilinuka dawa. Wateja wawili waliacha salade mu sahani. Na mama mukwe wangu, mwenye alikula nyingi, amelala na tumbo siku mbili, anatapika. Leo iko muzuri, amekunywa uji. Sisemi ni nyanya. Nasema tu, siye tunanunuaka kwako juu ya jina yako."

Yaya aliweka chini mboga, akafuta mikono.

"Unisamehe, mama," akasema. "Nitaangalia."

Hayo tu. Hakusema, ni ndugu yangu. Hakunitazama hata kwa jicho la pembeni. Na mimi nilikuwa pale, hatua nne, tano, nimeshika arrosoir yangu, maji yanadondoka kwenye viatu. Nilikuwa na maneno kinywani. Nilitaka kusema kwamba nilifuata kipimo, kwamba siku saba zilitimia, kwamba inaweza kuwa maji ya kisima au nyama ya juzi. Na nilitaka kusema vilevile kwamba ni mimi. Nikayameza yote mawili. Annie alipotoka alinisalimu, "Prof," nami nikaitikia kama mtu asiyehusika na kitu.

Baadaye nilimwambia yaya, "Inaweza kuwa maji, unajua."

"Inaweza kuwa maji," akasema. "Inaweza kuwa siye."

Siye, alisema.

Jumanne, 3 Septemba

Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi kwa Camille. Nilimweleza kila kitu, kwa tarehe, daftari mkononi. Nilitegemea aniambie kwamba sina kosa. Alisoma ukurasa wa 22 Agosti na wa 29, akafunga daftari taratibu.

"Prof, hii sept jours ni ya shamba ya inje," akasema. "Inje, dawa inapigwa na jua, mvua inaiosha, upepo inapita. Mu serre yako mvua inapiga plastiki tu. Na plastiki inachuja ile jua kali yenye inavunjaka dawa. Dawa inabaki pale, inavunjika polepole sana."

"Kwa hiyo siku ngapi? Kumi na nne? Ishirini na moja?"

"Sijui."

"Nipe namba, Camille."

"Kama ningekuwa na labo ya kupima, ningekupatia chiffre. Hapa sina. Siwezi kukudanganya." Kisha akatabasamu, si kwa dharau. "Nani alichora jua ku tableau, mu classe ya troisième, na mawingu pembeni? Nani alitwambia: jua, maji na joto, njo vinavunja vitu?"

Mimi. Nililichora jua hilo kila mwaka kwa miaka thelathini na moja, kwa chaki ya manjano, na miale yake yote. Wanafunzi waliokosea niliwaita kichwa ngumu. Halafu nikajenga nyumba inayofukuza mvua na kuchuja jua, nikapiga dawa humo, nikahesabu siku kama niko shambani. Na mtu pekee aliyeniambia ukweli hakumaliza école primaire.

Alijua. Hakuwa na neno la kemia hata moja, lakini alijua kinachoondoa dawa ni nini, na aliona kwamba hakipo. Mimi nilidhani anahesabu kelele za mvua kwenye plastiki. Mwenye kuzihesabu nilikuwa mimi, kwa kumcheka.

Sikupanda moto wakati wa kurudi. Nilitembea.

Jumatano, 4 Septemba

Nilimwambia yaya kwamba alikuwa na haki. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakatoka machache. Akasema, "Leta jembe."

Kabla ya kuchimba alifanya jambo ambalo sikulielewa mara moja. Alichana kitenge chake kikuukuu, kile cha maua ya kijani, vipande vidogo vya upana wa kidole. Akapita mche kwa mche. Kwenye kila mmoja alitafuta ni wapi palikuwa maua tu siku ile ya dawa, hayajawa matunda, na hapo akafunga kitambaa.

"Chini ya kitambaa yote tunazika," akasema. "Juu yake, yenye imezaliwa kisha dawa, hiyo tutaona."

"Kutoka ua mpaka tunda liive ni karibu siku hamsini, yaya."

"Sasa njo unahesabu muzuri."

Tulivuna na kuzika siku nzima. Nyanya nzuri, nyekundu, nzito, bila doa. Shimo lilikuwa la kunifika kifuani. Kuna wakati nilitaka kulia, si kwa ajili ya nyanya.

Jumapili, 8 Septemba

Mvua. Camille amepita baada ya misa, akaona vitambaa, akauliza nani kabuni. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema si hakika kamili, maana dawa nyingine huingia ndani ya mche wenyewe, lakini ni akili kuliko hesabu yake na yangu. Ametushauri tufungue pande za plastiki mchana ili upepo na jua viingie.

Alhamisi, 12 Septemba

Yaya anauza lengalenga na vitunguu tu. Leo amerudi na nusu ya mzigo. Nikamuuliza kulikoni.

"Wananusa," akasema.

"Lengalenga?"

"Lengalenga, vitunguu, yote. Wananusa, wanarudisha polepole, wanasema watarudi."

Alisema hivyo akivua viatu, kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa. Miaka mitano alijenga jina hilo, jiwe juu ya jiwe, na mimi nimelibomoa kwa Ijumaa moja. Nilimwuliza kama anataka niende nikaongee na wamama. Akasema, "Ukiona ni vizuri." Sikwenda.

Jumatatu, 16 Septemba

Mvua. Sikwenda Shari.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua asubuhi na jioni. Sikwenda.

Jumanne, 24 Septemba

Inzi weupe wamerudi, wengi kama mwanzo. Camille ameleta ufundi wake: mabidoni ya manjano ya mafuta, yale yaliyojaa kila uwanja hapa Bunia, unayakata bapa, unayapaka mafuta mazito, unayatundika kati ya mistari. Inzi wanapenda manjano, wanakuja, wananata. Yaya amekata mabidoni kumi na moja kwa panga bila kujikata. Mimi nimejikata kwa la kwanza tu.

Ijumaa, 27 Septemba

Leo nimegundua kitu. Nilikuwa jikoni natafuta chumvi, nikaona nyanya mbili ndogo za shambani, zenye mikunjo, ndani ya bakuli la yaya. Nikamuuliza zimetoka wapi. Amezinunua sokoni kwa mwenzake. Nikauliza tangu lini. Tangu Agosti.

Nikarudisha mawazo nyuma. Tangu mavuno ya kwanza sijamwona yaya akila nyanya ya serre. Ile Ijumaa ya mauzo nilipokula nne, nilimkatia ya tano, akasema ameshiba. Alizivuna kwa sababu niliamuru, akaziuza kwa sababu niliamuru, lakini kinywani mwake hakuziingiza. Na aliponiona nakula aliniambia, nakumbuka sasa, "Weye osha kwanza." Nilidhani ni usafi tu.

Nimeshindwa kula chakula cha mchana.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mabidoni yamejaa inzi, lakini waliobaki ni wengi bado, na majani ya juu yananata. Matunda ya juu ya vitambaa yamekuwa makubwa, ya kijani. Wiki moja, siku kumi, yataiva. Nikahofu tutayakosa na haya. Nikaingia ghala, nikachukua chupa ya kifuniko chekundu. Imebaki nusu. Nikakaa nayo juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa muda mrefu nikijiambia: kidogo tu, majani ya juu tu.

Yaya alipita mlangoni. Aliona chupa. Alikwenda zake kuchukua maji ya sabuni na kitambaa, akaanza kufuta majani chini chini, moja baada ya jingine. Miche mia tatu na kumi. Nikaweka chupa, nikachukua kitambaa kingine, nikaanza kutoka upande wa pili. Usiku umeingia hatujakutana katikati.

Jumatatu, 7 Oktoba

Jana, baada ya misa, tulikutana katikati. Leo nimempelekea Camille ile chupa, akajue pa kuiweka. Vidole vyangu vimebabuka kwa sabuni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya hamsini na moja tangu dawa. Tumevuna vikapu viwili, vyote kutoka juu ya vitambaa. Asubuhi yaya alipojifunga kitenge kwenda Shari, nikavaa shati la kazi ya zamani na koti.

"Unaenda wapi?"

"Nakwenda na weye."

Aliniangalia toka viatu mpaka kola. "Na koti?"

"Na koti."

Nilikaa kwenye kiti kidogo kando ya vikapu vyake, magoti karibu na kidevu. Wamama walipita. Mmoja alichukua nyanya, akaipeleka puani. Ilikuwa kama siku ya kwanza mbele ya darasa. Nikasimama.

"Mama, naomba niseme," nikasema. "Ile nyanya ya mwezi wa nane, yenye ilinuka, ni miye nilipiga dawa. Ni miye nilisema ivunwe. Yaya alikataa, na nilimulazimisha. Hii ya leo haikupigwa dawa tangu ilikuwa ua. Date iko hapa."

Nikamwonyesha daftari hili. Hakulisoma, bila shaka. Alinishangaa, akatazama yaya. Yaya alikuwa anapanga nyanya zilizokwisha kupangwa.

Nilisema maneno hayo mara kumi na tatu leo. Mara ya saba hivi, alikuja Annie. Nikayarudia kwake. Nikaongeza kwamba siku ile uani nilikuwa nimesimama palepale na nikanyamaza, na kwamba namwomba msamaha kwa mama mkwe wake.

Annie alinisikiliza mpaka mwisho.

"Prof," akasema, "tulijua. Mama Domitille ameuzisha hapa miaka cinq bila shida. Weye ukaingia mu kilimo mwaka huu. Hatukosake akili." Akainama, akaanza kujaza sachet. "Tulikuwa tunangoja kama mwenyewe atasema."

Aliweka nyanya ishirini. Hakuminya hata moja, na hakunusa. Wengine walinusa, na sikuwalaumu. Tulirudi na kikapu kimoja kikiwa robo.

Tulipofika, aliketi kizingitini mwa serre, pale aliposimama siku za mvua, akachukua nyanya moja ndani ya kikapu. Akaigeuza. Akaifuta kwenye kitenge chake, upande huu, upande ule. Akaiuma, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko, akala mpaka mwisho.

Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Leta chumvi," akasema, na akachukua ya pili.